Picha 640, kamera mbili na simu moja: kupanga profaili za rangi kabla ya kuchakata picha kwa mkupuo

"Dada, mbona kwenye hizi picha nyingine nimepauka hivi? Kama nimetoka kuugua malaria!"

Ujumbe huo uliingia saa tatu usiku, siku mbili baada ya kumkabidhi bi harusi picha 640 za sendofu yake. Nikafungua folda niliyomtumia. Kweli bwana. Kwenye picha moja kavaa kitenge cha kijani kinachowaka. Kwenye inayofuata, meza ileile, taa zilezile, kitenge kimekuwa kama mchicha uliolala juani. Uso umekosa damu, midomo imeingia kijivu. Nikarudi kwenye picha za asili: zote safi.

Taa hazikuwa na kosa, kamera hazikuwa na kosa. Kamera ya msaidizi wangu ilikuwa kwenye Adobe RGB, yangu kwenye sRGB, na picha 43 zilitoka kwenye iPhone ya binamu yake bi harusi. Nilizimwaga zote kwenye folda moja, nikaendesha amri moja ya kuzipunguza ukubwa, nikaenda kulala. Ndani ya amri ile mlikuwa na neno dogo, `-strip`, ambalo kazi yake ni kufuta taarifa zote za pembeni zilizomo kwenye faili. Profaili ya rangi nayo ikafutwa.

Tangu usiku ule nina utaratibu ambao siuruki, hata mteja akinipigia simu mara tano. Natumia programu mbili za bure, ExifTool (ya kusoma na kuandika taarifa za ndani ya faili) na ImageMagick (ya kubadilisha picha zenyewe), zinazofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Wanaotumia Lightroom na Photoshop nao nitawagusia, ila hao kazi yao ni nyepesi zaidi.

## Bei isiyotaja sarafu

Kila pikseli ni namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba hizo peke yake hazisemi ni rangi gani hasa. Mtu akikuambia shati linauzwa 2,000, utamuuliza: shilingi ya wapi? Ikiwa ya Kenya, hilo ni shati la dukani, limepigwa pasi na lina kibandiko. Ikiwa ya Tanzania, ni la mtumba, tena la kuchagua chini. Namba ni moja, thamani ni mbili tofauti kabisa.

Profaili ndiyo inayotaja sarafu. Ni kifurushi kidogo kinachopachikwa ndani ya faili kwa mpangilio uliowekwa na International Color Consortium, umoja ulioanzishwa mwaka 1993 na kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft. Ndiyo maana faili zake zinaishia na .icc (kwenye Windows pia .icm). Uzito wake ni wa kuchekesha: ile ya Adobe RGB ni baiti 560, na ile ya sRGB iliyozoeleka ni baiti 3,144. Anayeifuta ili "kuokoa bando" anaokoa chembe ya sukari kwenye gunia.

Sarafu utakazokutana nazo ni nne. sRGB ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndiyo inayokubalika kila mahali: mtandaoni, kwenye simu, kwenye mashine nyingi za kusafishia picha. Adobe RGB ni ya 1998. Nyekundu na bluu zake za mwisho ni zilezile za sRGB, ila upande wa kijani inafika mbali zaidi. Display P3 ni ya Apple, na iPhone zinapiga kwa rangi hizo tangu iPhone 7 ya mwaka 2016. Ya nne ni ProPhoto RGB ya Kodak, pana mno, kiasi kwamba sehemu yake ni rangi ambazo hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuziona. Hiyo ni ya jikoni, wakati wa kuhariri. Haitoki kwenda kwa mteja.

Tazama kinachotokea kwenye namba zenyewe. Nyekundu kali kabisa ya sRGB ni 255, 0, 0. Rangi hiyohiyo, bila kupungua hata kidogo, kwenye Adobe RGB huandikwa 219, 0, 0. Kijani cha mwisho cha sRGB, yaani 0, 255, 0, huko kinaandikwa 144, 255, 60. Sasa ifute profaili. Simu ya mteja inapokea 219, haioni sarafu yoyote, inadhani ni sRGB, inachora nyekundu iliyofifia. Ile ndiyo malaria ya bi harusi wangu. Kosa likienda upande wa pili, picha ya sRGB ikasomwa kama Adobe RGB, rangi zinakolea hadi nyuso zinaiva kama nyanya. Na picha ya ProPhoto ikisomwa kama sRGB utaijua tu: kila kitu kimechakaa kama fulana iliyofuliwa mwaka mzima.

## Kubandika si kugeuza

Hapa ndipo wengi wanapoumia, hata waliokaa kazini miaka.

*Kubandika* profaili ni kuchukua karatasi ya bei isiyotaja sarafu na kuandika "KSh" mbele ya namba. Namba haziguswi. Kinachobadilika ni maana yake. *Kugeuza* ni kwenda duka la kubadilishia fedha: unatoa noti hizi, unapewa zile, namba zinabadilika na thamani inabaki palepale. Kwenye Photoshop kubandika kumeandikwa Assign Profile na kugeuza kumeandikwa Convert to Profile, vyote chini ya menyu ya Edit, vimepangana kama mapacha. Ni rahisi kubofya kisicho chake.

Picha isiyo na profaili unaibandika ile iliyopaswa kuwa nayo. Picha yenye profaili unaigeuza. Ukibandika sRGB juu ya picha ambayo tayari ni ya Adobe RGB, umefuta "KSh" kwa kalamu ukaandika "TSh", halafu unashangaa kwa nini mfuko umepungua.

Ubaya wa kuchakata kwa mkupuo ni kwamba amri moja inapita juu ya faili zote bila kuuliza. Folda yenye sarafu tatu ikipewa amri moja, kuna watakaopata na kuna watakaopoteza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kupanga. Kugeuza kwenyewe ni mstari mmoja.

## Kwanza, nakala na majina

Tengeneza folda tano: `asili`, `kazi`, `kugeuza`, `mashaka` na `tayari`. Mwaga memori kadi zote kwenye `asili` na usiiguse tena. Nakili kila kitu kwenda `kazi`.

Kamera mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na DSC_0412 kila moja. Kabla ya kuzichanganya, wape faili za kila kamera herufi ya mwanzo, mfano `A_` na `B_`, la sivyo moja itaifunika nyingine na hutajua hadi mama mkwe aulize picha yake ya kukata keki iko wapi.

Picha za iPhone zikiwa za HEIC (aina ya faili ambayo iPhone huhifadhia picha), zigeuze kuwa JPEG mwanzoni kabisa. Kwenye Mac `sips -s format jpeg` inaifanya kazi hiyo vizuri. Usiifanye kazi hii kwa kujitumia picha WhatsApp. Huko zinakandamizwa, na unachopokea si kile ulichotuma.

Utahitaji pia profaili mbili zenyewe kama faili. Kwenye Windows, sRGB iko ndani ya `C:\Windows\System32\spool\drivers\color`, jina lake ni `sRGB Color Space Profile.icm`. Kwenye Mac angalia `/System/Library/ColorSync/Profiles`. Humo utaikuta sRGB na pia `AdobeRGB1998.icc`. Wa Windows wanaweza kupakua ya Adobe RGB bure kutoka tovuti ya Adobe. Nakili zote mbili kwenye folda kuu ya kazi yako. Ile ya kwanza ipe jina fupi, `sRGB.icc`.

## Uliza kila faili ni ya wapi

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ukiwa kwenye folda kuu, uandike:

```
exiftool -r -csv -Model -ICC_Profile:ProfileDescription -ColorSpace -InteropIndex kazi > orodha.csv
```

Fungua `orodha.csv` kwa Excel au LibreOffice. Kila picha ina mstari wake. Safu ya ProfileDescription ndiyo hakimu: ikisema "sRGB IEC61966-2.1", "Adobe RGB (1998)" au "Display P3", mjadala umekwisha, hata kama safu nyingine zinasema vinginevyo.

Ikiwa tupu, ndipo unasoma safu nyingine mbili. Kamera nyingi haziipachiki profaili yenyewe kwenye JPEG. Zinaweka alama tu. InteropIndex ikiwa R98, picha ni sRGB. Ikiwa R03, ni Adobe RGB. Kuna dalili hata kwenye jina: kamera ikiwa kwenye Adobe RGB, jina la faili huanza na mstari wa chini, `_DSC0412` kwa Nikon au `_MG_0412` kwa Canon. Siku ile ningetazama majina tu ningelala salama. Picha 212 za msaidizi wangu zote zilikuwa na mkia huo mbele na mimi nilidhani ni urembo wa kamera.

Kuwa mwangalifu na ColorSpace inaposema "Uncalibrated". Wengi husoma hapo "Adobe RGB". Hapana, maana yake ni "si sRGB" na hakuna zaidi. Picha ya iPhone yenye Display P3 nayo huandikwa hivyohivyo.

Wanaopiga RAW (data ghafi ya kamera) msihangaike na hatua hii kwa faili za RAW. Mpangilio wa sRGB au Adobe RGB kwenye kamera unagusa JPEG na kile kipicha cha kutazamia, data yenyewe ya RAW haiguswi. Sarafu ya RAW unaichagua siku ya kutoa.

## Bandika zisizo na profaili

Sasa zile zisizo na profaili lakini zina alama ya kutosha kuzitambua. Kwa kubandika natumia ExifTool na si ImageMagick, kwa sababu ExifTool inapachika kifurushi bila kuzigusa pikseli na bila kuikandamiza JPEG upya. Picha inabaki ileile, imepewa kitambulisho tu.

Za Adobe RGB:

```
exiftool -overwrite_original -if 'not $ICC_Profile:ProfileDescription and $InteropIndex =~ /R03/' "-icc_profile<=AdobeRGB1998.icc" kazi
```

Za sRGB:

```
exiftool -overwrite_original -if 'not $ICC_Profile:ProfileDescription and $InteropIndex =~ /R98/' "-icc_profile<=sRGB.icc" kazi
```

Kwenye Windows badili zile alama moja-moja za kufungia sharti ziwe alama mbili-mbili. Bila `-overwrite_original`, ExifTool inaacha nakala ya kila faili yenye mkia `_original`. Ni ustaarabu mzuri, ila sisi tayari tuna folda ya `asili`, na nakala hizo zitajaza diski bure.

Zitabaki picha ambazo hazina profaili wala alama. Mara nyingi ni zilizopita WhatsApp, picha za skrini, au zilizotoka kwenye programu ya simu ya kurembesha. Zitoe nje:

```
exiftool -if 'not $ICC_Profile:ProfileDescription' -directory=mashaka kazi
```

Hizi hazitengenezwi kwa amri. Zitazame kwa macho. Nyingi ni sRGB, basi zibandike sRGB, uzifungue kando ya picha nyingine ya mtu yuleyule. Tazama ngozi kwanza, kisha kitambaa unachokifahamu. Ngozi ikiwa imekosa damu, chukua nakala, ibandike Adobe RGB, ulinganishe. Kwangu zilikuwa mbili tu, zote za mjomba aliyetuma kupitia WhatsApp, na zote zilikuwa sRGB. Ukimaliza, zirudishe `kazi`.

## Zitenge za kugeuza

```
exiftool -if '$ICC_Profile:ProfileDescription !~ /sRGB/' -directory=kugeuza kazi
```

Amri hii inahamisha kila picha ambayo profaili yake haina neno sRGB. Zilizobaki kwenye `kazi` ziko sawa. Ziache. Hakuna sababu ya kugeuza sRGB kuwa sRGB, kwa kuwa JPEG ikifunguliwa na kuhifadhiwa upya inapoteza ubora kidogo, na wewe hupati chochote. Zinakili moja kwa moja kwenda `tayari`.

Kabla ya kwenda mbele, chungulia `kugeuza` kama kuna picha za nyeusi na nyeupe zilizohifadhiwa bila rangi kabisa, au za CMYK (rangi za wino wa kuchapishia) kutoka kwa mtu wa matangazo. Picha ya kijivu tupu ikikutana na profaili ya RGB, ImageMagick inalalamika kwamba haviendani. Hizo ziweke kando uzishughulikie moja moja. CMYK isiyo na profaili mrudishie aliyeileta. Wino wa mashine gani, karatasi gani, yeye ndiye anajua.

## Kugeuza

Chagua picha tatu kwanza: moja yenye uso karibu, moja yenye kitambaa cha rangi kali, moja yenye anga au ukuta mtupu. Ziweke kwenye folda ya majaribio, endesha amri, zitazame. Zikikubali, ingia kwenye `kugeuza`:

```
magick mogrify -path ../tayari -auto-orient -intent relative -black-point-compensation -profile ../sRGB.icc -quality 92 *.jpg
```

Nitaipitia polepole, maana kila neno hapa liliwahi kunigharimu.

`-path ../tayari` ndiyo inayookoa maisha. `mogrify` bila `-path` inaandika juu ya faili uliyompa. Haiulizi, haina kurudi nyuma. Na folda ya `tayari` lazima iwepo tayari, yenyewe haiitengenezi.

`-profile` ina tabia mbili, na ndiyo sababu tulibandika kwanza. Ikikuta picha ina profaili, inageuza kutoka hiyo kwenda unayoitaja. Ikikuta haina, inabandika tu. Kwa hiyo amri moja kwenye folda yenye mchanganyiko ingegeuza baadhi na kuzibandikia nyingine jina la uongo, na terminali isingeonyesha kosa lolote.

`-intent relative` inasema: rangi zinazoingia kwenye uwanja mpya zibaki kama zilivyo, zile za nje zisogezwe hadi ukingoni. Utasikia watu wakishauri "perceptual" ili rangi zote zibanane kwa upole. Kwa profaili za kawaida za sRGB, ambazo ni hesabu fupi na hazina jedwali la kubananisha, kuchagua perceptual hakubadilishi chochote. Mabishano hayo yaacheni kwa wenye mashine za kuchapisha.

`-auto-orient` inasimamisha picha zilizopigwa kamera ikiwa wima. Herufi nazo: kwenye Linux `*.jpg` haioni `.JPG`, endesha tena kwa herufi kubwa.

Na kile kisichopaswa kuwepo: `-strip`, kama nilivyokwisha kuungama, na `-colorspace sRGB`. Hii ya pili inadanganya kwa jina lake. Haisomi profaili kabisa. Kwake JPEG yoyote ya RGB ni sRGB tayari, kwa hiyo inakaa kimya na picha inatoka kama ilivyoingia. Nimeiona kwenye mafunzo mengi ya mtandaoni, na mtu anaondoka akiamini amegeuza.

Ukitaka kupunguza ukubwa kwa ajili ya Instagram, ongeza `-resize 2048x2048` kabla ya `-quality`, lakini peleka kwenye folda nyingine. Za kuchapisha zibaki na ukubwa wake.

## Safisha alama za zamani

Picha zilizogeuzwa sasa zina profaili ya sRGB, ila alama za kamera ndani yake bado zinasema R03. Vitambulisho viwili vinavyopingana kwenye mfuko mmoja. Programu nzuri itafuata profaili; programu mbovu ya mashine fulani ya zamani inaweza kufuata alama. Zinyooshe:

```
exiftool -overwrite_original -ColorSpace#=1 -InteropIndex#=R98 tayari
```

Kama mteja hataki watu wajue nyumba yao iko wapi, futa mahali peke yake: `exiftool -overwrite_original -gps:all= tayari`. Usikimbilie `-all=`, inafuta na profaili; tena inafuta alama ya wima, na nusu ya ukumbi italala ubavu.

Kisha hakiki:

```
exiftool -if '$ICC_Profile:ProfileDescription !~ /sRGB/' -FileName tayari
```

Unachotaka kusikia ni kwamba hakuna faili iliyotimiza sharti. Ikitaja hata moja, ifungue uone ilipita wapi. Hesabu pia idadi: zilizoingia 640, zitoke 640.

## Kwa wa Lightroom na Photoshop

Lightroom Classic inasoma profaili ya kila picha yenyewe inapoifungua, na isiyo nayo inaichukulia kuwa sRGB. Hapo ndipo JPEG za R03 zisizo na profaili zinapopauka, kwa hiyo hatua ya kubandika kwa ExifTool ifanye kabla ya kuziingiza. Wakati wa kutoa, kwenye File Settings chagua sRGB kwenye Color Space, basi.

Photoshop ina Image Processor chini ya File, Scripts. Weka tiki mbili: Convert Profile to sRGB na Include ICC Profile. Moja bila nyingine ni nusu ya kazi. Kwenye Color Settings acha profaili zilizopachikwa ziheshimiwe. Na kama unahariri kwenye ProPhoto, kaa kwenye biti 16 hadi utakapogeuza kwenda sRGB, ndipo ushuke kwenye biti 8. ProPhoto ya biti 8 inakosa ngazi za kutosha, na anga la jioni linatoka na mistari kama ngazi za ghorofa.

Kuna chaguo moja la hatari kwenye orodha za programu hizi: profaili ya skrini yako, wakati mwingine ikiitwa Monitor RGB. Hiyo inaeleza kioo cha kompyuta yako wewe, na udhaifu wake wote. Ukigeuza picha kwenda huko umempelekea mteja miwani yako.

## Wanaposafisha picha

Kabla ya albamu, mpigie fundi wa maabara umuulize mambo mawili: je, mashine inapokea sRGB, na je, marekebisho ya rangi ambayo mashine hujifanyia yenyewe yanaweza kuzimwa? Nyingi zinataka sRGB. Akikupa profaili ya karatasi yake, itumie kutazamia kwenye skrini tu, kupitia Proof Setup ya Photoshop, na usiigeuzie picha zote mpaka akuambie mwenyewe kwamba anazitaka hivyo. Faili iliyogeuzwa kwa karatasi ya mashine moja ikiingia kwenye mashine nyingine au kwenye simu ya shangazi, rangi zake hazitakaa sawa.

Safisha mbili za inchi 4 kwa 6 kwanza, ya uso na ya kitambaa. Zitazame mlangoni, mchana, si chini ya taa ya dukani.

Zile 212 za msaidizi na 43 za simu nilizichakata upya usiku uleule kutoka `asili`, nikamtumia bi harusi kabla ya asubuhi. Akajibu kwa neno moja, "Nimepona." Siku hizi kabla hatujaingia ukumbini namwomba msaidizi kamera yake, naingia kwenye menyu, naiweka sRGB mwenyewe, namrudishia. Orodha ya CSV bado naitoa kila kazi, kwa sababu binamu mwenye iPhone hakosekani.